Harusi ndogo Maskati: historia ya ndoa, shughuli na jamaa waliotawanyika

Juma hili tunakupeleka Maskati, mji mkuu wa Oman, mji ambao ukipita katika soko la Matrah au ukiketi barazani katika mitaa ya Ruwi na Al Khuwair, hutokaa muda mrefu kabla ya kusikia Kiswahili, tena kile cha Unguja Mjini. Tunakwenda huko kwa ajili ya swali ambalo limeingia katika nyumba nyingi za Waomani wenye asili ya Afrika Mashariki. Je, vijana wawili waliochumbiana wanaweza kufunga ndoa yao mbele ya watu wachache tu, wakaacha ukumbi na mamia ya kadi za mwaliko, na bado wakahesabiwa kuwa wameoana kwa heshima?

Tuchukue mfano. Kijana amekwenda kumwamkia bibi yake nyumbani, Al Khoudh, na mfukoni ana karatasi yenye majina arobaini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nimesikia mnataka kufanya shughuli ya kificho."

"Si ya kificho, Bibi. Ndogo tu. Ndoa msikitini baada ya alasiri, kahawa na halua, kisha chakula nyumbani kwao."

Bibi anaipokea karatasi, anaisoma mara mbili, kisha anauliza: "Na wale wa Mombasa tuliokaa kwao mwaka mzima tulipokimbia? Na watoto wa marehemu kaka yangu walioko Dubai? Hawa ni wa kuandikwa au wa kufutwa?"

Mazungumzo ya namna hii husikika leo katika familia nyingi. Kijana anazungumzia gharama na faragha, na bibi anazungumzia mwaka 1964. Ili kuelewa kwa nini wawili hawa hawasikilizani, hatuna budi kurudi nyuma.

Ndoa na harusi

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatupa mahali pa kuanzia, kwa kuwa ina maneno mawili. Ndoa ni ule mkataba unaofungwa. Harusi ni sherehe inayouzunguka. Katika sharia ya Kiislamu, ndoa inahitaji mambo machache: ridhaa ya wahusika, walii wa mwanamke, mashahidi wawili, mahari, na yale maneno ya kuoza na kukubali. Watu wanaohitajika kuifunga hawajazi hata mkeka mmoja. Juu ya hayo pana sunna ya walima, yaani karamu, na mafundisho yanasema inatosha hata kwa mbuzi mmoja.

Kwa hiyo ndoa haikupata kuwa kubwa kamwe. Kinachokua na kupungua, kwa kufuata utajiri, siasa na hali ya jamii, ni shughuli. Na katika pwani ya Afrika Mashariki shughuli ilikuwa kubwa tangu zamani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza jinsi posa ilivyopelekwa na jinsi kila mkubwa alivyopewa haki yake. Palikuwa na mahari ya mwanamwali, palikuwa na kilemba cha baba, na palikuwa na mkaja wa mama, yaani zawadi ya kumkumbuka aliyejifunga nguo kiunoni baada ya kuzaa. Ukivitazama vitu hivi utaona kwamba kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Aliyekosa kupewa chake alijua kwamba amesahauliwa, na wengine wote walijua pia.

Katika jamii ya Kiarabu na Kiswahili ya Unguja mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwari aliwekwa ndani, akasingwa, akatiwa hina, akafundwa na somo wake, na baada ya ndoa ikafuata fungate ya siku saba. Wanaume walikwenda msikitini au katika baraza ya nyumba, wakasikiliza hotuba, wakanywa kahawa, wakala halua. Desturi hiyo ya mwisho ni moja Unguja na Oman, na haishangazi, kwa maana Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na 1840, na kwa muda wa kizazi kizima pande mbili za bahari zilikuwa chini ya mtawala mmoja. Hata baada ya kifo chake mwaka 1856, na baada ya Oman na Zanzibar kutenganishwa rasmi mwaka 1861, majahazi yaliendelea kuleta tende na kurudi na karafuu na boriti, na pamoja nayo wachumba.

Harusi ya Aden

Historia ya familia hiyo hiyo ya kifalme inatupa mfano wa harusi ndogo kupita zote. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza harusi za mabinti wa Unguja, pamoja na zile siku ambazo bibi harusi hukaa ndani kabla ya kutolewa. Yeye mwenyewe hakupata lolote kati ya hayo. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri ndani ya meli ya kivita ya Uingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Tarehe 30 Mei 1867, mjini Aden, alibatizwa na kuolewa siku hiyo hiyo, mbali na ndugu zake wote.

Hakuwapo wa kupokea kilemba wala mkaja, na hakuwapo somo. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, na kwa miaka yote hiyo suala la kurudiana na jamaa zake halikupata ufumbuzi kamili. Wazee wa pwani walipokuwa wakisema kwamba ndoa isiyo na watu haina mkono wa kuishika, walikuwa na mifano ya namna hiyo mbele yao.

Hata hivyo tusidhani kwamba watu wote wa zamani walipenda makuu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na miongoni mwa mambo aliyowaonya Waislamu wa pwani ni israfu katika sherehe zao. Harusi iliweza kumwacha mzee wa nyumba na deni la miaka. Mjadala tunaousikia Maskati leo, basi, ulikuwa na wasemaji wake Mombasa zaidi ya miaka tisini iliyopita.

Mwaka 1964 na mwaka 1970

Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sultani wa Zanzibar ilipinduliwa. Maelfu ya watu waliuawa, na maelfu wengine wakaondoka kwa njia yoyote waliyoipata, wakaenda Mombasa, Dar es Salaam, Dubai, Cairo na Uingereza. Wengi walitaka kwenda Oman, lakini Sultan Said bin Taimur, aliyetawala wakati huo, hakuwafungulia mlango kwa wepesi. Maskati ya siku zake ilikuwa mji ambao milango yake ilifungwa saa tatu baada ya jua kuzama, na mtu aliyetembea usiku alitakiwa kushika fanusi. Harusi katika mji huo zilikuwa za mtaa, na vifijo vyake havikuvuka ukuta.

Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alishika utawala mahali pa baba yake, akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kujenga nchi. Waliotoka Afrika Mashariki walikuja na elimu ya shule, Kiingereza na ujuzi wa kazi za ofisi, na wakapata nafasi katika wizara, hospitali, shule na makampuni ya mafuta. Sheikh Ahmed bin Hamad Al Khalili, aliyekabidhiwa wadhifa wa Mufti Mkuu wa Oman mwaka 1975, alizaliwa Zanzibar mwaka 1942.

Watu hawa walikuja wakiwa vipande vipande. Ndugu mmoja alitokea Mombasa, mwingine London, wa tatu alikuwa bado Unguja. Wengi walikuwa hawajaonana tangu siku ile ya Januari, na kulikuwa na watoto waliozaliwa ambao shangazi zao hawakuwajua kwa sura. Mahali pa kukutana pakawa harusini. Pale ndipo majina yalipotajwa upya, nani mtoto wa nani, nani amefariki na wapi amezikwa, nani ana kijana wa kuoa. Ukubwa wa shughuli za miaka ya 1970 na 1980 miongoni mwa Waomani waliorudi kutoka Afrika Mashariki una sababu yake hapo. Watu walijikusanya kwa sababu walikuwa wametawanywa.

Pana na kumbukumbu nyingine, nzito zaidi. Mwezi Septemba 1970, huko Zanzibar, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa viongozi wa serikali ya mapinduzi, na ndugu zao waliopinga walikamatwa. Habari hizo zilitangazwa duniani kote na kulaaniwa. Kwa familia zilizokuwa uhamishoni, zilikuwa ushahidi wa jinsi ndoa inavyokuwa pale jamaa anapoondolewa. Bibi aliyekuwa msichana katika miaka hiyo huisikia kauli ya "tunataka watu wachache tu" kwa sikio jingine kabisa.

Mafuta, mahari na kumbi

Oman ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 fedha ziliingia mikononi mwa watu wengi kwa mara ya kwanza. Mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Norway, Unni Wikan, aliyefanya utafiti wake mjini Sohar katikati ya miaka hiyo na kuchapisha kitabu mwaka 1982, alikuta mahari yakiwa mzigo mkubwa kwa vijana wa kiume. Dhahabu iliongezeka shingoni na mikononi mwa bibi harusi, na kumbi za harusi zikaanza kuchukua nafasi ya ua wa nyumba.

Utaratibu uliozoeleka Maskati ukawa huu. Kwanza hufungwa ndoa, ambayo Waomani huiita milka, msikitini au katika ukumbi wa msikiti, kwa wanaume, nayo humalizika kwa kahawa na halua. Baadaye, pengine baada ya miezi kadhaa, huja sherehe ya wanawake ukumbini, ambako bibi harusi huketi juu ya jukwaa lililopambwa na wageni humtazama na kumpongeza. Familia za Kiswahili ziliongeza yao: singo, hina ya siku ya pili, biriani, na taarabu, ikiwa ya kaseti au ya waimbaji walioalikwa kutoka pwani.

Sehemu ya pili ndiyo inayokula fedha. Sehemu ya kwanza haijabadilika sana tangu enzi ya Sayyid Said. Oman yenyewe imejaribu kupunguza mzigo huo kwa harusi za pamoja, ambapo vijana wengi wa wilaya moja hufunga ndoa kwa mkupuo na kugawana karamu. Harusi hizo zina watu wengi sana, lakini kila familia hutoa kidogo. Jamaa huonekana bila mtu kufilisika.

Ndogo na ya siri

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo wazee huyachanganya, na si bila sababu. Harusi ndogo ni jambo moja, na harusi ya siri ni jingine. Sharia ya Kiislamu inahimiza ndoa itangazwe. Haikuweka idadi ya wanaotangaziwa.

Kwa Waomani wenye asili ya Afrika Mashariki, siri ilikuwa na historia ya kisheria. Amri ya Kisultani nambari 58 ya mwaka 1993 iliweka masharti kwa Muomani aliyetaka kuoa au kuolewa na mgeni, na kumtaka apate kwanza kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwombaji alitakiwa kuonyesha kwamba ana sababu za kijamii au za kiafya. Kwa jamii ambayo nusu ya jamaa zake wana pasipoti ya Tanzania au Kenya, mgeni huyo mara nyingi alikuwa binti wa mjomba. Kijana wa Maskati aliyemchumbia jamaa yake wa Pemba au Mombasa aliingia katika safari ya barua na majibu, naye hakujua lini itakwisha.

Wapo waliosubiri. Wapo waliovunja uchumba. Na wapo waliokwenda pwani wakaoana kimyakimya mbele ya kadhi wa huko, kisha wakaishi na wasiwasi kuhusu hati, makazi ya mke na uandikishaji wa watoto. Harusi hizo zilikuwa ndogo kwa lazima, na aibu yake ilibaki katika nyumba nyingi.

Dola kuingia katika jambo hili hakukuanza Oman. Mtoro bin Mwinyi Bakari, yule tuliyemtaja aliyeandika juu ya kilemba na mkaja, alioa mwanamke Mjerumani alipokuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Mwaka 1905 alijaribu kurudi naye Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni ikawakatalia kuteremka pwani. Mtu aliyeandika habari za harusi za watu wake alirudi Ujerumani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1927.

Mwezi Aprili 2023 Sultan Haitham bin Tariq alitoa Amri nambari 23 ya mwaka huo, ambayo ilifuta ile ya mwaka 1993. Kibali cha awali hakihitajiki tena kwa watu wengi, ingawa ndoa isipingane na sharia ya Kiislamu na utaratibu wa nchi, hati zake zithibitishwe, na wenye nyadhifa fulani bado wana masharti yao. Kwa miaka thelathini neno "ndogo" lilibeba harufu ya "siri". Sasa linaweza kuanza kusimama peke yake.

Somo la mwaka 2020

Kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Oman ilifunga misikiti na kupiga marufuku mikusanyiko, harusi zikiwemo. Kumbi zikakaa tupu. Waliokuwa wamechumbiana walilazimika kuchagua kati ya kuahirisha na kufunga ndoa mbele ya watu wa nyumbani tu, huku jamaa wa London, Dubai na Unguja wakitazama kwa simu.

Wengi walioana hivyo, na ndoa zao zikasimama kama nyingine. Hapakuwa na wa kulaumiwa, kwa kuwa kila mtu alikatazwa. Kufunguliwa kwa kumbi kulirudisha desturi ya zamani, lakini pia kulirudisha lawama. Sasa anayeita watu arobaini amechagua mwenyewe, na aliyeachwa nje anajua kwamba ameachwa na mtu, hakuachwa na serikali.

Kupanga harusi ndogo leo

Basi vijana wa Maskati wanaotaka harusi ndogo wafanyeje? Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba kosa kubwa ni kuanza na idadi. Wazee hawakupata kuhesabu wageni kwa vichwa. Walihesabu kwa haki. Anayestahili kilemba alijulikana, na anayestahili mkaja pia. Orodha ya watu arobaini inaweza kukubalika ikiwa kila tawi la ukoo lina mtu ndani yake, na orodha ya watu mia tatu inaweza kuzua ugomvi ikiwa shangazi mmoja amesahauliwa.

Zipo familia zinazotenganisha mambo haya kwa hekima. Ndoa hufungwa msikitini, na mlango wa msikiti uko wazi kwa kila mwanamume anayetaka kuja, kwa kuwa kahawa na halua ya Barka au Nizwa si gharama ya kumshinda mtu. Chakula cha nyumbani ndicho kinachobaki kwa wachache. Wasiokuwapo hupelekewa chao: sahani ya halua kwa jirani, simu kwa mzee wa Mombasa kabla ya ndoa, naye asisikie habari kwa watu wa kando. Baada ya ndoa, maharusi huzunguka wenyewe katika nyumba za wakubwa, kuamkia na kuombewa dua, badala ya wakubwa kuja kuwatazama jukwaani. Ni kazi ya siku nyingi, pengine nyingi kuliko usiku mmoja wa ukumbini. Mwenye kutaka harusi ndogo ajue kwamba gharama haiishi; inahama kutoka mfukoni na kwenda miguuni.

Na lipo jambo ambalo vijana nao wanastahili kusikilizwa. Wengi wao walizaliwa Maskati, na baadhi yao Kiswahili wanakielewa kuliko wanavyokisema. Jamaa wanaotajwa na bibi kwao ni majina tu. Wanaogopa kuanza maisha na deni, na hofu hiyo aliijua Sheikh Al-Amin kabla wazazi wao hawajazaliwa. Anayewajibu kwamba wanaidharau asili hajawasikiliza.

Turudi, msikilizaji, kwa yule kijana na bibi yake. Baada ya kahawa ya pili bibi anaomba kalamu. Anafuta majina manne ya wafanyakazi wenzake kijana, ambao anasema watakula siku nyingine. Mahali pao anaandika majina manne: mmoja wa Mombasa, wawili wa Dubai, na mmoja wa Unguja ambaye, kwa miguu yake ilivyo, hataweza kusafiri.

"Huyu hatakuja, Bibi," kijana anasema.

"Najua," bibi anajibu. "Mpelekee kadi."

Majina yanabaki arobaini.